Kyela imejengwa na mafuriko: uzi wa ardhi iliyo kati ya Mlima Rungwe na Ziwa Nyasa

Mpima_wa_Ipinda (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Kila Aprili watu wanaweka humu picha za maji yaliyoingia mashambani Kajunjumele na Katumba Songwe, huku kwetu Kyela, na maoni chini yake ni yaleyale: kwa nini wasihame, serikali iko wapi. Juni ikifika, walewale wanauliza gunia la mchele wa Kyela linauzwaje. Nimechoka kujibu kipande kipande, nimeamua kufungua uzi.

Tuanzie juu, kwa sababu Kyela haieleweki ukianzia Kyela. Ukitoka Uyole, pale Mbeya, unapanda hadi Isongole, baridi inauma, viazi kila upande. Unapita Kiwira, unaingia Tukuyu kwenye mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Baada ya hapo ni kushuka: chai, migomba, kisha migomba iliyochanganyika na kakao, masikio yanaziba, sweta linavuliwa. Ukifika Kikusya umeshashuka zaidi ya mita 1,000 na barabara imenyooka ghafla. Uso wa ziwa uko kwenye mita 475 hivi, na mji wa Kyela wenyewe hauupiti kwa mengi. Kuanzia hapo hadi ufukweni ardhi inainama kidogo sana, maji ya mvua yakisimama shambani yanakosa hata pa kuelekea.

Sasa kwa nini ardhi iwe tambarare namna hii, wakati kila upande kuna milima? Hii ni sakafu ya Bonde la Ufa. Upande wa mashariki ufa mkuu umepita chini ya Milima ya Livingstone, na ardhi ya upande wa ziwa imekuwa ikizama kwa mamilioni ya miaka huku milima ikibaki juu. Ndiyo maana Matema ukuta wa mlima unaangukia majini moja kwa moja, na ndiyo maana Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi mahali pake pa ndani kabisa. Piga hesabu: sakafu ya ziwa hapo iko chini ya usawa wa bahari, wakati sisi tuko bara kabisa.

Shimo linalozama halikai tupu kama juu yake kuna milima yenye mvua. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinashuka kutoka Rungwe, Busokelo na Livingstone zikiwa zimebeba udongo, na zikifika chini zinapoteza kasi na kuuacha. Kyela tunayolima ni huo udongo ulioachwa, pamoja na tope la ziwa la nyakati ambazo maji yalifika mbali zaidi ya leo. Bila mafuriko pangekuwa na maji mpaka karibu na miguu ya milima, na hizo picha za Aprili mngezipiga mkiwa kwenye mitumbwi.

Halafu si udongo wowote. Rungwe ni volkano, mita 2,960 hivi. Miaka 4,000 hivi iliyopita ililipuka mlipuko mkubwa, ikafunika nchi kwa majivu na yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo ukichimba choo Tukuyu unakutana nayo. Majivu hayo yameonekana hadi kwenye tope la chini ya ziwa. Ngozi, volkano nyingine ya jirani, nayo ililipuka, ikabaki lile ziwa lake la kileleni. Kyejo ndiyo mdogo wao kwa matukio, mapokeo ya wenyeji yanauweka mlipuko wake wa mwisho karibu na mwaka 1800. Majivu yakioza kwenye mvua nyingi na joto yanakuwa udongo mzuri sana, na mvua ileile iliyoyaozesha inauchukua na kuuleta kwetu.

Mvua yenyewe inatokana na ziwa. Upepo wa kusini-mashariki unapita juu ya maji kilomita mia kadhaa, unabeba unyevu, unafika kaskazini unakuta ukuta: Livingstone kulia, Rungwe mbele. Hauna pa kupita isipokuwa juu, na ukipanda unapoa na kumwaga. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mitaa ya Matema hivyohivyo. Kwingine nchini Mei watu wanaanza kusahau mwavuli, Rungwe bado wanauhitaji.

Nitaendelea na habari za mito. Wajuzi karibuni.

Dereva_wa_Kasumulu

Nimeweka kambi. Huo mteremko wa Tukuyu kwenda chini usikie tu. Ukungu juu, breki zinanuka katikati, joto chini. Turudi wote kwenye uzi.

Kilombero_Halisi

Uzi mzuri ila mchele bora uko Ifakara. Nimemaliza.

Kaka_wa_Talatala

Huyo wa Ifakara tumsamehe, hajala wali wa huku kwa mbasa, samaki wa ziwani.

Mtoa mada umesema vizuri ila umesema kwa macho ya mtu wa ramani. Sisi wa jembe hatuoni tambarare. Kwa mgeni Kyela ni sawa tupu, lakini tofauti ya kimo cha mtu mmoja huku ni tofauti kati ya kakao na mpunga, kati ya kujenga na kutojenga.

Iko hivi. Mto ukifurika, kitu kizito kinaanguka kwanza. Mchanga unabaki pembeni mwa mto, tope laini linaenda mbali. Miaka na miaka, kingo za mto zinainuka kuliko ardhi ya nyuma yake. Kwa hiyo pale ambapo mgeni angedhani ni hatari, yaani karibu na mto, mara nyingi ndipo palipoinuka, na ndipo wazee walipojenga, wakapanda migomba na miembe. Nyuma ya nyumba ardhi inashuka taratibu hadi kwenye mfinyanzi mweusi unaoshika maji. Hapo ndipo mpunga. Tunalima kwa plau ya ng'ombe, tunamwaga mbegu mvua zikishakolea, na kuanzia hapo tunategemea mbingu na mto.

Kakao ukiiweka kwenye ule mfinyanzi inakufa, mizizi inaoza. Inataka udongo wa kingo, unaopitisha maji, na kivuli cha migomba. Nasema hivi kwa sababu tangu bei ya dunia ivuke dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, mtaani kwetu kuna watu wamechomeka miche hata kwenye jaruba. Bei ilipopanda akili ilishuka.

Na maji ya mafuriko hayako sawa. Maji ya siku mbili tatu yenye tope, yakiondoka yakaacha utelezi mwembamba, huyo ni mgeni mwenye zawadi, mwaka unaofuata hununui mbolea. Maji yanayokaa wiki mbili yanaozesha mpunga ukiwa bado mdogo. Na maji yanayopasua kingo yanaleta mchanga mweupe, yanaumwaga shambani kwako, hapo umeshapoteza shamba kwa miaka. Sasa mtu wa Dar akiona picha anaona maji tu.

Makambako_Mjini

Wakuu naomba niulize swali la kibinafsi kidogo. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao, nimeuziwa wazo la kununua ekari kadhaa huko, karibu na mto Mbaka, upande wa kuelekea Mwaya. Bei iko chini sana ukilinganisha na Tukuyu. Muuzaji anasema maji hayajawahi kufika. Nilifika Septemba, pakavu kabisa, nyasi nzuri, matete kidogo pembeni. Nichukue?

Dereva_wa_Kasumulu

Matete kidogo 😂😂

BintiBusokelo

Makambako subiri kwanza, ndugu yangu, nitakujibu baadaye. Nina neno na mtoa mada.

Umeandika kana kwamba huku juu kazi yetu ni kuwapelekea udongo. Unajua shamba likiporomoka linafananaje? Mwakaleli mvua ikinyesha usiku kucha unaamka unakuta kipande cha kilima kimeshuka na migomba yake imesimama wima, imehamia kwa jirani. Udongo wenu wenye rutuba ni shamba la mtu fulani huku.

Na huu mwendo umeongezeka kwa mikono yetu, hilo silifichi. Zamani mabonde ya mito yalikuwa na miti na matete mpaka majini. Siku hizi mtu analima mahindi na viazi kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili, na matuta ameyapanga kushuka badala ya kukinga. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tembea Lufilyo uone hizo mita 60 zinaishia wapi.

Kwa hiyo nyie wa chini mkitaka mafuriko yapungue msiangalie mto wenu. Pandeni huku mkutane na sisi.

Mpima_wa_Ipinda (mtoa mada)

Dada Busokelo, ndaga fijo (asante sana). Umegusa penyewe. Mlima ungemomonyoka hata bila mtu, ila mto una uwezo wake wa kubeba, na ukizidishiwa mzigo unautupa njiani. Sakafu ya mto inapanda, na mvua ileile ya zamani sasa inafurika mapema.

Ushahidi mzuri uko bandarini. Itungi imepigana na mchanga miaka yote, meli zinahitaji kina na mto unaleta kina kidogo kila msimu. Shughuli zikasogea bandari ya Kiwira, huku chini ziwani, ambako meli ya MV Mbeya II ndiko inakofunga. Kiwira nayo ni mdomo wa mto, kwa hiyo sioni mchanga ukichoka.

Huo mto Kiwira ni mtundu kuanzia utotoni. Huko juu karibu na Tukuyu umepita chini ya Daraja la Mungu, lile daraja la jiwe la volkano lililojijenga lenyewe, na unachemka Kijungu ukijibana kwenye miamba. Watu wanapiga picha wanaondoka. Mto huohuo, ukishuka, unafika kwetu mpana, mzito, rangi ya chai ya maziwa, na haupigi hata kelele. Wageni wanaogopa ule wa Kijungu. Mimi naogopa huu.

Mndali_Mwenzenu

Songwe mmeisahau. Haitoki Rungwe ninyi, inatoka kwetu Ileje na kule Mbozi, kwenye miamba ya zamani zaidi. Ikifika Kasumulu na Katumba Songwe inaanza kujikunja kwenye tambarare, na kila baada ya mafuriko makubwa inaweza kukata mkunjo na kupita njia mpya.

Mto ukihama mahali pengine unapoteza migomba. Ukihama huku unapoteza nchi, kwa sababu Songwe ndiyo mpaka wetu na Malawi tangu Wajerumani na Waingereza walipokubaliana mwaka 1890. Mtu analala Tanzania, anaamka shamba lake liko ng'ambo. Na ng'ambo vilevile. Nchi mbili zina mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, ndani yake kuna mabwawa, umwagiliaji na kuutuliza mto usizurure.

Na ng'ambo ya mto tambarare haikomi. Inaendelea hadi Karonga, udongo uleule, mpunga uleule, na ndugu zetu Wangonde lugha tunasikilizana. Tetemeko la Desemba 2009 lililobomoa nyumba Karonga lilitutikisa pia Kyela. Ufa hausomi pasipoti.

(Mpaka wa ziwani tafadhali msiulete, tunajua uzi utakapoishia.)

Mhandisi_Tuta

Nimesoma yote. Naona mnasifia mafuriko mno. Sensa ya 2012 ilikuta Kyela ina zaidi ya watu 220,000, na tangu hapo wameongezeka kwenye ardhi ileile. Hawa hawawezi kuishi kwa kumsubiri mto awe na hisia nzuri. Pigeni matuta pande zote za mito, nyoosheni mikunjo, wekeni milango ya maji ya kumwagilia. Dunia nzima wanafanya hivyo. Hoja ya rutuba haina mashiko, mbolea inauzwa dukani.

Kaka_wa_Talatala

Dukani kwa nani mkuu? Bei yake unaijua?

Mpima_wa_Ipinda (mtoa mada)

Mhandisi, watu kwanza, hapo tuko pamoja. Tuta la kulinda shule, zahanati au makazi naliunga mkono kesho asubuhi. Ugomvi wangu ni kufunga mto wote.

Ukifunga mto wenye tope jingi pande zote mbili, tope halina pa kwenda isipokuwa kubaki ndani. Sakafu inapanda, unaongeza tuta, inapanda tena. Baada ya miaka unakuwa na mto uliokaa juu kuliko nyumba, na siku tuta likipasuka maji hayatarudi mtoni kwa sababu mto uko juu yao. Halafu mvua inayonyesha tambarare yenyewe, hiyo ya milimita zote hizo, itatoka kwa kupitia wapi wakati umeshaiwekea ukuta? Kyela inafurika kwa maji ya pande tatu: mto, mbingu na ziwa. Tuta linazuia moja.

Kunyoosha mikunjo ya Songwe nako ni kuongeza kasi, ukimwagia jirani aliye chini. Jirani huyo ana bendera.

Mhandisi_Tuta

Milango ya kutolea maji ipo, pampu zipo. Sikubaliani na wewe lakini naelewa.

Mvuvi_Lyulilo

Hodi. Nimeona mmesema ziwa mara moja mkapita.

Ziwa linapanda na kushuka. Katika mwaka linapanda masika linashuka kuelekea Novemba, hilo kila mtu anajua. Lakini lina pia mwendo wake wa miaka mingi. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Shire, huko kusini kabisa Malawi. Kuanzia mwaka 1915 hadi miaka ya 1930 ziwa lilikuwa chini kiasi kwamba Shire iliacha kutoka ziwani, mlango ukazibwa na mchanga na majani. Baadaye likapanda tena. Mwaka 1965 wakajenga kizuizi cha maji Liwonde, kwenye Shire hiyohiyo. Sasa fikiria wewe wa Mwaya au Ikolo ambaye uwanja wako ni tambarare: ziwa likipanda mita moja wima, linaingia ndani ya nchi hatua nyingi sana. Na likiwa juu, mto unakosa pa kumwagia, unarudi nyuma. Ndiyo ile pande ya tatu ya mtoa mada.

Huku kwetu Matema hatuna shida hiyo, tuna shida nyingine. Tambarare inaishia kwenye kona, ukitoka ufukweni unagonga mlima. Ikombe kwa miaka mingi hapakuwa na hata barabara, wanawake wa Kikisi walileta vyungu kwa mitumbwi mnadani Lyulilo. Upepo wa mwera ukivuma kuanzia Mei, mawimbi yanakuja yamesafiri ziwa zima na hakuna pa kujificha.

Na samaki wako kwenye hadithi yenu. Mbasa anaishi ziwani lakini mvua zikianza anapanda mito kutaga, anataka changarawe safi na maji yanayotembea. Tope likifunika changarawe, mayai yanakosa hewa. Na wapo wanaotega nyavu mdomoni mwa mto wakati anapanda. Usipa yuko bado, magege yupo. Mbasa mkubwa wa zamani siku hizi unamuuliza bei unaondoka.

Kilombero_Halisi

Huyo mbasa naweza kuja kumjaribu. Kwa mchele wangu lakini.

BintiBusokelo

Haya, nimerudi kwa Makambako. Ndugu yangu, Septemba kila shamba la Kyela ni zuri. Hata kitanda cha mto ni kizuri.

Kaka_wa_Talatala

Ongezea. Makambako, sikiliza. Usimuulize muuzaji, uliza miti. Kama hapo shambani au jirani kuna mwembe mzee, mnene, umenyooka, basi ardhi hiyo imekaa salama muda mrefu. Kama hakuna mti wowote mkubwa na majirani wote wanao, jiulize kwa nini. Angalia kuta za nyumba za karibu, tope huacha mstari, na mtu akipaka rangi mpya upande wa chini tu, muulize sababu. Angalia nyumba zimeinuliwa msingi kiasi gani. Chimba shimo la goti: ukikuta mchanga, tope, mchanga, tope, kwa tabaka, mto umeshapita hapo na unakumbuka njia. Ukikuta mfinyanzi mweusi unaonata, ni shamba la mpunga, si la kakao wala nyumba. Bei ya mpunga lipa, bei ya kiwanja usilipe.

Na hayo matete. Matete hayaoti Kyela kwa urembo.

Mpima_wa_Ipinda (mtoa mada)

Mita 60 kutoka mtoni pia zipime mwenyewe kwa kamba, usiamini hatua za dalali. Dalali ana miguu mirefu siku ya kuuza. Halafu pita ofisi ya kijiji uone mipaka inasemaje, na ongea na jirani wa juu na wa chini ya mto, kila mmoja peke yake.

Lakini ukitaka jibu la bure kabisa: njoo Aprili.

Makambako_Mjini

Nimempigia muuzaji sasa hivi. Nimemwambia nitashuka Aprili niangalie tena kabla ya kulipa. Kanyamaza kidogo, halafu akaniambia Aprili bei itakuwa imepanda, kuna mtu wa Dar anaitaka.

Dereva_wa_Kasumulu

Mwache mtu wa Dar aipate. Ukija Aprili niambie mapema nikuchukue Uyole, na lete buti.